Kutoka Chuo cha Jamii hadi Caltech: Mlango Uko Wazi kwa Nani?

Katika mji wa Pasadena, jimboni California, kuna vyuo viwili vilivyo karibu kiasi kwamba mwanafunzi wa kimoja anaweza kwenda kingine kwa miguu na kurudi ndani ya mapumziko ya mchana. Cha kwanza ni Pasadena City College, chuo cha jamii kilichoanzishwa mwaka 1924, ambacho humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari na hata mtu mzima ambaye hakuimaliza, na ambacho wanafunzi wake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Cha pili ni Taasisi ya Teknolojia ya California, maarufu kwa jina la Caltech, yenye wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao 1,000 tu, ambayo katika kila waombaji 100 wanaotoka sekondari huwakubali watatu au wanne. Linus Pauling alifundisha kemia hapo. Richard Feynman alifundisha fizikia hapo. Kati ya vyuo hivi viwili hakuna mto wala ukuta. Kuna mitaa ya kawaida yenye miti na nyumba za watu.

Ni wanafunzi wangapi wanaoivuka mitaa hiyo, yaani wanaoanza masomo katika chuo kinachompokea kila mtu na kuyamalizia katika chuo kisichompokea karibu mtu yeyote? Kwa vijana wetu swali hili si la mbali kama linavyoonekana, na nitaeleza sababu. Kwa sasa niseme tu kwamba jibu lake linafichua jambo ambalo hotuba za mahafali hazisemi, nalo ni tofauti kati ya haki na hisani katika elimu ya juu.

Kwa msomaji ambaye hajapata kukutana na taasisi hii, chuo cha jamii nchini Marekani ni chuo cha umma kinachofundisha miaka miwili ya mwanzo ya shahada pamoja na kozi za ufundi, kwa ada ndogo, karibu na nyumbani. Kikongwe kuliko vyote vya umma ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901. California peke yake ina vyuo 116 vya aina hiyo. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila krediti moja, hivyo krediti 60, ambazo ni nusu ya shahada, humgharimu dola 2,760, na wenye kipato kidogo husamehewa hata hizo. Gharama kamili ya mwaka mmoja Caltech, ukijumlisha ada, malazi na chakula, inazidi dola 80,000. Ni kweli kwamba Caltech hutoa ufadhili mkubwa kwa familia maskini. Lakini ufadhili humfikia aliyekwisha kuingia.

Mwaka 1960 jimbo hilo lilipitisha Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu, ambao msukaji wake mkuu alikuwa Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California. Mpango uligawa watu kwa ukali usiofichwa. Asilimia 12.5 ya juu ya wahitimu wa sekondari walistahili Chuo Kikuu cha California, theluthi moja ya juu walistahili vyuo vikuu vya jimbo, na waliobaki walielekezwa vyuo vya jamii. Mtu anaweza kuuona mpango huo kuwa ngazi ya matabaka iliyochorwa na serikali, na wapo waliouona hivyo. Kilichouokoa ni ahadi iliyoambatanishwa nao, kwamba aliyeanzia chini anaweza kupanda baada ya miaka miwili, na kwamba atakapopanda ataingia mwaka wa tatu. Hatarudishwa mwanzo. Miaka yake miwili itahesabiwa kuwa miaka miwili. Naomba msomaji aishike hoja hii, kwa kuwa ndiyo roho ya suala zima.

Wanaopenda kusifia njia hii huwataja watu mashuhuri, nami nitawataja watatu. Bruce Merrifield alikulia katika miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, familia yake ikihama mji hadi mji huko California, yeye akibadilisha shule kila mara. Alisoma miaka miwili katika chuo hichohicho cha Pasadena, wakati huo kikiitwa Pasadena Junior College, kisha akahamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Njia aliyoibuni ya kuunganisha peptidi juu ya punje ngumu ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1984, na hadi leo dawa nyingi hutengenezwa kwa msingi huo. Craig Venter alikuwa mwanafunzi dhaifu wa sekondari aliyependa zaidi mawimbi ya bahari. Alirudi kutoka vita vya Vietnam, ambako alitumikia katika hospitali ya jeshi la majini, akaanza upya katika Chuo cha San Mateo, akahamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa waliotangaza Ikulu ya Marekani kukamilika kwa rasimu ya jenomu ya binadamu. Eileen Collins alipata stashahada yake katika Corning Community College mwaka 1976, akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha anga cha Marekani akiwa kamanda.

Mifano hii hutolewa kuthibitisha kwamba akili haikosekani katika vyuo vya jamii. Inathibitisha hivyo, na sidhani kama mtu mwenye busara alihitaji uthibitisho huo. Lakini tazama walikohamia. Wawili kati ya watatu waliingia katika chuo kikuu cha umma ambacho kwa mpango na mapokeo kilikuwa na wajibu wa kuwapokea watu kama wao. Merrifield alisoma Pasadena, mwendo mfupi tu kutoka Caltech, ambayo tayari ilikuwa na Pauling, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne nzima, na bado njia yake ya kuelekea kemia ilipitia Los Angeles. Sijui kama aliwahi kupeleka maombi Caltech, na wala si muhimu. La muhimu ni kwamba taifa lilimpata mkemia wake kwa kuwa kulikuwa na njia isiyotegemea bahati ya kuonwa na kamati.

Sasa tuingie ndani ya njia yenyewe, maana wanasiasa huisema kana kwamba ni daraja na wala hawajawahi kulikanyaga.

Mwanafunzi wa fizikia au uhandisi anayetaka kuhama anahitaji kuwa amemaliza kalkulasi ya mihula mitatu, kisha aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi, pamoja na fizikia inayotumia kalkulasi kwa mihula miwili au mitatu, na kemia ya mwaka mzima. Masomo haya hayawezi kusomwa kwa mpangilio wowote. Ni mnyororo. Fizikia ya umeme na sumaku inangoja kalkulasi ya pili, kalkulasi ya pili inangoja ya kwanza, na ya kwanza inangoja aljebra na trigonometria. Mwanafunzi aliyetoka shule nzuri, aliyeanza kalkulasi akiwa bado sekondari, humaliza mnyororo huo kwa miaka miwili bila jasho kubwa. Aliyetoka shule isiyokuwa na mwalimu wa kalkulasi huanzia aljebra. Muhula wa kwanza aljebra, wa pili trigonometria, na kalkulasi ya kwanza anaikuta mwaka wa pili, wakati mwenzake anajaza fomu za kuhama. Hajafeli kitu chochote. Amefaulu kila somo, lakini ile miaka miwili imekuwa mitatu au minne, na katika miaka hiyo anafanya kazi dukani usiku, analea mdogo wake, au gari lake linaharibika katika wiki ya mitihani.

Tena kwa miaka mingi hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Wanaojiunga na vyuo vya jamii walipewa jaribio la hisabati siku za mwanzo, mara nyingi bila maandalizi yoyote, na walioshindwa walitumwa kwenye kozi za kurudia hesabu za sekondari, ambazo hazikuhesabiwa katika shahada. Wengine walipangiwa kozi tatu au nne za namna hiyo kabla ya kuruhusiwa kugusa hisabati ya chuo. Wengi hawakutoka humo. Mwaka 2017 California ilipitisha sheria iliyovizuia vyuo kumtumbukiza mwanafunzi katika kozi hizo pasipo kuonesha kwamba hana uwezekano mkubwa wa kufaulu somo la ngazi ya chuo, na ikaagiza alama za sekondari zitumike katika kumpanga. Hadi leo walimu wa hisabati wanabishana kuhusu sheria hiyo, hasa kwa wanafunzi wa sayansi, ambao pengo la aljebra huwafuata hadi ndani ya kalkulasi. Kwa upande wangu naamini sheria ilikuwa sahihi katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba jaribio la saa moja lilikuwa likiamua mustakabali wa mtu, na hakuna aliyekuwa akiwajibika kwa uamuzi huo.

Kuna na kitanzi cha kalenda. Maombi ya kuhamia Chuo Kikuu cha California hufungwa mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba kwa ajili ya kuanza masomo vuli ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayetaka kuhama baada ya miaka miwili anapeleka maombi akiwa na matokeo ya mwaka mmoja tu mkononi. Vyuo binafsi vya sayansi huongeza juu yake insha pamoja na barua za walimu. Mwalimu wa kuiandika barua hiyo ni nani? Katika vyuo vya jamii sehemu kubwa ya wahadhiri ni wa mkataba wa muda, wanaofundisha asubuhi chuo hiki na jioni kingine, hawana ofisi, na muhula ukiisha huenda wasionekane tena. Mwanafunzi bora anaweza kumaliza mwaka mzima bila mhadhiri mmoja anayemfahamu vya kutosha kuandika kurasa mbili juu yake. Msomaji aliyepata kusaka mdhamini wa barua katika chuo chenye madarasa ya watu mia nne hahitaji maelezo zaidi.

Basi mwanafunzi huyu, aliyevuka yote hayo, anafika mlangoni pa chuo teule cha sayansi. Anakuta nini?

Anakuta kwamba nafasi ni chache mno. Caltech hupokea wahamiaji wachache kila mwaka, mara nyingi idadi isiyojaza darasa dogo la semina. Chuo cha Harvey Mudd, kilichoko Claremont katika jimbo hilohilo, nacho hupokea wachache. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts hupata maombi ya kuhamia yanayozidi elfu moja na kuwakubali makumi machache. Na miongoni mwa hao wachache, si wote wanaotoka vyuo vya jamii. Wengine wanatoka vyuo vikuu vingine vikubwa.

Vyuo hivi vina hoja, na si haki kuipuuza. Caltech ina masomo ya msingi ambayo kila mwanafunzi huyapitia, awe wa biolojia au wa uhandisi, yaani hisabati yenye uthibitisho, fizikia na kemia, yakiwa yamesukwa kwa namna ambayo mwaka wa pili unasimama juu ya mabega ya mwaka wa kwanza. Harvey Mudd vilevile. Kalkulasi inayofundishwa kwingi kama ufundi wa kukokotoa, hapo hufundishwa kama sayansi ya kuthibitisha. Mwanafunzi akiingia katikati bila kuyapitia hayo anaweza kuumia, na chuo kidogo hakina madarasa ya ziada ya kumsubiri. Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba huko kumpokea mtu na kumwacha azame ni ukatili unaovaa joho la usawa.

Lakini tuipime hoja hiyo. Kama tatizo ni maandalizi, dawa ni kueleza bayana maandalizi yanayotakiwa, na kuyafundisha. Kwa miaka mingi Caltech iliwataka waombaji wa kuhamia kufanya mitihani yake yenyewe ya hisabati na fizikia. Watu huiona mitihani kama hiyo kuwa ukatili. Mimi nina maoni tofauti. Mtihani unaotangazwa mapema, wenye mada zinazojulikana, unamwambia kijana wa chuo cha jamii kile hasa anachopaswa kujua, wala haujali kama mwalimu wake ana ofisi au hana. Insha ya maisha na barua za sifa humpendelea yule aliye na mtu wa kumwelekeza jinsi ya kuyaandika maisha yake. Uchache wa nafasi, hata hivyo, haukutokana na ugumu wa masomo. Chuo chenye wanafunzi 1,000 kikiamua kwamba nafasi 30 kila mwaka ni za waliotoka vyuo vya jamii, na kikawaandaa kwa masomo ya kiangazi kabla ya kuanza, fizikia haitaporomoka.

Ushahidi kwamba hili ni suala la uamuzi uko Princeton. Chuo Kikuu cha Princeton kilisitisha kabisa kupokea wahamiaji mwaka 1990, na hakikuwapokea tena hadi mwaka 2018. Kilipofungua upya kilisema wazi kwamba kinawalenga hasa wanajeshi wastaafu na wanafunzi wa vyuo vya jamii. Kwa miaka 28 vijana wa New Jersey waliambiwa kwamba hakuna njia. Kisha siku moja njia ikawepo, na Princeton ikabaki Princeton. Hakuna sheria ya maumbile iliyobadilika katikati.

Tusiwaonee vyuo teule peke yao, maana tatizo ni pana kuliko wao. Kitaifa, takriban wanane katika kila kumi wanaojiunga na vyuo vya jamii husema wanataka kupata shahada. Takriban theluthi moja ndio wanaohama. Wanaoishia kupata shahada ndani ya miaka sita ni takriban 16 katika kila 100. Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo hulichunguzia Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja hadi kingine walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti walizokwisha kuzipata. Hesabu hiyo inahusu uhamaji wa kila aina, si huu wa vyuo vya jamii peke yake, lakini fikiria maana yake. Mtu amelipa ada, amesoma, amefaulu, kisha anaambiwa kwamba karibu nusu ya jasho lake haitambuliki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wala si katika mtihani wa kalkulasi.

Kwa upande mwingine, wale wanaofanikiwa kuingia vyuo teule hawaaibishi mtu. Wakfu wa Jack Kent Cooke, unaowafadhili wanafunzi wa namna hii, ulichunguza suala hilo na kuonesha kwamba waliotoka vyuo vya jamii huhitimu katika vyuo teule kwa kiwango sawa au kinachozidi kile cha walioingia moja kwa moja kutoka sekondari. Hofu kwamba watazama haina msingi katika takwimu hizo.

Kitu kinacholeta tofauti ni cha kiofisi kabisa, kikavu, kisichopendeza kuimbwa. Ni jedwali. California ina tovuti ya umma iitwayo ASSIST, ambamo mwanafunzi huchagua chuo chake cha jamii, kisha chuo kikuu anachokitaka, kisha programu ya shahada, na kuletewa orodha: kozi yako hii ni sawa na kozi yetu hii, hii haina mwenzake, hii inatakiwa kabla ya kuhama. Nyuma ya kila mstari wa jedwali hilo kuna wahadhiri wa pande mbili waliolinganisha mitaala na kukubaliana. Mwaka 2010 jimbo likaongeza sheria inayowahakikishia wenye stashahada maalumu ya kuhama nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo. Chuo Kikuu cha California nacho hulenga kumpokea mhamiaji mmoja kwa kila wanafunzi wawili wapya kutoka sekondari, na zaidi ya asilimia 90 ya wahamiaji wake hutoka vyuo vya jamii vya California. Berkeley na Los Angeles ni miongoni mwa kampasi hizo. Atakayesema kwamba ubora wa sayansi hauwezi kukaa nyumba moja na mlango mpana wa wahamiaji, aanze kwa kueleza Berkeley imewezaje.

Hii ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzoni. Mwanafunzi wa Pasadena anayeelekea Berkeley ana karatasi inayomwambia anadaiwa nini na anastahili nini. Anayeelekea Caltech ana matumaini. Huenda akapokelewa vizuri, huenda akalipiwa kila kitu, nami nitamshangilia. Lakini hisani inaweza kuondolewa mwaka wowote bila maelezo, kama Princeton ilivyofanya mwaka 1990.

Nilisema jambo hili haliko mbali nasi. Katika miaka ya karibuni Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliohamishiwa Marekani, wengi wao wasemaji wa Kiswahili waliokulia kambini, na wamepangiwa makazi katika majimbo kama Texas, Kentucky, Arizona na Ohio. Kijana aliyefika huko akiwa na miaka 19, umri wa sekondari umekwisha kumpita, huanzia chuo cha jamii. Kwake huo ni mlango wa kwanza, kwa kuwa mwingine hana. Mkimbizi ana haki ya kuomba ruzuku ya serikali kuu ya masomo, na akikaa jimboni muda uliowekwa hulipa ada ya mkazi. Mtanzania au Mkenya anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi ana hesabu nyingine: hutozwa ada ya mgeni, iliyo kubwa mara kadhaa, na ruzuku ya serikali haimhusu. Mawakala wanaozunguka miji yetu wakiuza chuo cha jamii kama njia rahisi ya kuingia vyuo vikubwa vya sayansi hutaja majina ya vyuo hivyo na kusahau idadi ya wanaopokelewa. Mzazi anayetaka kuuza kiwanja kwa ajili hiyo aulize swali moja tu, kwamba makubaliano ya kuhamisha kozi yako wapi, na yameandikwa na chuo gani.

Na nyumbani? Tanzania tunayo njia inayofanana na hii kwa sura. Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi. Lakini tumeihesabu stashahada kuwa mbadala wa kidato cha sita. Hatukuihesabu kuwa sehemu ya shahada. Kijana aliyesoma stashahada ya uhandisi ujenzi miaka mitatu, aliyekwisha kupima ardhi, kuchora ramani na kukokotoa uzito unaobebwa na boriti, aghalabu huanza shahada mwaka wa kwanza na kukaa miaka minne, akisikiliza tena utangulizi wa upimaji ardhi akiwa pamoja na mwenzake ambaye hajawahi kushika kifaa cha kupimia. Analipa mara mbili, au Bodi ya Mikopo inamlipia mara mbili, na soko la ajira linamsubiri kwa muda huo wote. Wapo watakaosema hisabati ya stashahada haitoshi kumfikisha mwaka wa pili. Katika fani kadhaa wana haki kusema hivyo, nami ninaoifahamu hisabati hiyo sitawabishia. Basi asome muhula mmoja wa hisabati ya kujazia pengo, asirudishwe kwenye kila kitu kwa sababu ya kitu kimoja.

Mitaala ya stashahada inasimamiwa na NACTVET, ya shahada inasimamiwa na TCU, na taasisi zote mbili ziko chini ya wizara moja. Kuwaketisha wahadhiri kumi wa uhandisi ujenzi, watano wa stashahada na watano wa shahada, na kuwapa mitaala yao waipitie kozi kwa kozi, hakuhitaji sheria mpya wala mkopo kutoka nje. Wakianza na fani hiyo moja, jedwali la kwanza linaweza kuchapishwa ndani ya mwongozo wa udahili wa mwaka ujao, katika kurasa zilezile ambazo sasa zinamwambia mwenye stashahada alama anazotakiwa kuwa nazo, pasipo kumwambia ni masomo yapi kati ya aliyokwisha kuyasoma yatakayohesabiwa.